Kufuli la Ndiva

Myamba, Upare,
kupitia Same.
9 Mei 1951

Mpendwa kaka Gideoni,

Shikamoo. Hujambo na joto la Tanga? Wifi Rogathe na watoto hawajambo? Sisi tunapumua, ila mume wangu Fanueli bado ana banzi mkononi, na mimi sina raha.

Barua yako imefika. Unasema umepata kazi ya uashi huku kwetu, kujenga upya bwawa la maji ya mji wa Same. Kumbe hujui. Simu ya maandishi tuliyokupelekea ilisema tu mama amefariki, tumezika.

Bwawa hilo ni ndiva yetu, kaka, ile uliyoikanyagia udongo siku za msaragambo, pembe ikilia kijiji kizima kinatoka kazini. Serikali iliijengea ukuta mrefu wa saruji, ikatia kufuli kwenye mlango wa maji, eti mji utunziwe maji. Ndiva gani inajaa usiku isifunguliwe asubuhi? Na mabomba ya kuyapeleka hayo maji yalikuwa yamelala stesheni yakila kutu. Kodi zetu ndiko zilikokwenda.

Masika yakaja, maji yakafika ukingoni. Msimamizi wa bwawa alikuwa Same na ufunguo wake. Fanueli akapanda na shoka avunje kufuli. Askari wawili wa zamu wakampiga virungu hadi mkono ukavunjika, wakimwambia, "Mali ya serikali haiguswi." Walikuwa bado wanampiga ukuta ulipopasuka.

Askari walikwenda na maji. Fanueli alishika mzizi. Mama alikuwa bondeni akichuma maharage. Tulimkuta jioni kwenye migomba ya Zebedayo, bonge la saruji limempondaponda kifua. Nilimwosha uso mwenyewe. Jicho moja halikuwepo.

Msimamizi alipokuja, jambo la kwanza aliuliza mlango wa chuma uko wapi. Wanawake tulimvamia kwa mipini ya majembe. Mchungaji ndiye aliyemtoa mikononi mwetu, damu inamtoka masikioni. Nilimpiga na mimi, na leo ningempiga tena.

Sasa wanajenga palepale, kimo kilekile, na kufuli jipya limeshaletwa. Mabomba bado yako stesheni. Mawe wanaokota kwenye kifusi, na lile bonge lililomuua mama nalo wameliviringisha hadi kwenye msingi. Linamngoja mwashi.

Njoo, kaka, tumlilie mama pamoja. Mwiko wako wa uashi uache Tanga. Ukipanda nao pale, utanikuta ukutani na mpini wangu, na sitakumbuka kwamba tumenyonya ziwa moja.

Esta na Baba mdogo Eliufoo wanakusalimu. Mungu akufikishe salama, mikono mitupu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda bado,
Eliakunda