Jezi ya Kijani Ugenini

Jumatatu, 3 Juni

Mashati yote ya hoteli nimeyapiga pasi peke yangu. Mgongo si wangu tena. Zamani kazi hii tulikuwa tumegawana, mimi kufua, Mzee wangu pasi, na mstari wake wa suruali ungeweza kukatia sabuni. Sasa yuko juu kitandani, mimi niko chini dukani na mvuke.

Tangu adondoke pale uwanjani kwetu mwezi wa tatu, timu ikiwa inaongoza tena, hajashuka ngazi ila kwa kwenda hospitali. Na siku hiyo hubebwa kama yai. Analala chali, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, anahesabu mapigo. Akimaliza anaanza upya. Leo nimemwambia njoo basi ukae tu kwenye kiti cha wateja, upate upepo. Akasema ngazi zina mwinuko. Miaka ishirini tunaishi juu ya duka hili, leo ngazi zimeota mwinuko!

Jumatano, 5 Juni

Hospitali. Daktari alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akasoma karatasi za mashine, akamwambia akavae viatu. Nikabaki. Nikamwuliza kama anavyoulizwa mtu mzima: ukweli ni upi?

"Moyo wake umetulia, mama. Dawa inafanya kazi. Kilichobaki pale ni woga. Atembee, acheke, hata agombane kidogo."

Nikasema ugomvi tunao wa kutosha nyumbani, tutampa bure. Daktari akacheka. Mimi nilikwenda kulia chooni kidogo, kwa nafuu, halafu nikanawa uso.

Nilidhani na yeye atafurahi. Wapi! Njiani akasema daktari mwenyewe bado mtoto, ana ndevu tatu. Tulipofika akapanda moja kwa moja, akavua viatu, akarudi kwenye vidole vyake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, naelewa. Lakini mume wangu amefufuka halafu anakataa kutoka kaburini. Nimekasirika hadi nimeunguza kola ya mteja.

Ijumaa, 7 Juni

Alikuja Spika, mwenyekiti wa mashabiki. Ni fundi bomba, jina alipewa kwa ajili ya koo lake. Akisalimia chini dukani, mabomba ya juu yanaitikia. Jumapili timu ina mechi ya ugenini, basi limepatikana, na kiti cha Mzee kipo kama kila msimu, cha dirishani nyuma ya dereva.

Mzee akasema wampe mtu mwingine. Akageukia ukuta.

Spika alinyamaza. Spika! Alisimama pale mlangoni anazungusha kofia mkononi. Hapo ndipo nikaogopa kwelikweli, kuliko siku aliyodondoka. Nikajisikia nasema: kiti hicho nakaa mimi.

Mzee akageuka. Akaniuliza najua nini cha mpira, mimi ninayeita kona "kile cha pembeni". Nikamwambia nitamtangazia kwa simu, ajue mwenyewe. Akasema bora asikie kutoka kwa mbuzi. Lakini alikuwa ameketi kitako alipoyasema hayo.

Jumamosi, 8 Juni

Masomo siku nzima. Nisiseme "yule", niseme namba. Nisiseme "wamegongana", niseme faulo. Namba tisa wetu ndiye wa kutazamwa, goti lake bovu lakini ana jicho. Jezi ya Mzee ya kijani nimeifua, nimeipiga pasi. Inanifika magotini. Binti yetu kapiga simu kutoka kwake, anauliza kama nimechanganyikiwa. Nikasema kidogo.

Jumapili, 9 Juni, ndani ya basi

Nimeacha dawa zake mezani, chai kwenye chupa, simu kando ya mto. Nimemwomba kinyozi wa ng'ambo ya barabara atupe jicho.

Wanaume hawa wanaimba tangu geti la mji na hakuna hata mmoja aliye kwenye sauti. Spika ametangaza: tukifika tuingie pamoja, tusitawanyike. Sawa. Lakini mimi lazima nianzie chooni, mayai ya kuchemsha na barabara hii havipatani.

Jumapili, jioni, njiani kurudi

Dereva hakwepi shimo hata moja. Naandika hivyohivyo. Nisipoandika leo kesho nitasema niliota.

Nilipotoka chooni wenzangu walikwisha kuingia. Uwanja wenyewe una ukuta wa matofali yasiyopigwa lipu, geti la bati, jukwaa moja la mbao. Kwenye ghorofa za jirani watu wanatazama bure vibarazani, katikati ya nguo zilizoanikwa ovyo, mashati yananing'inizwa mabegani! Nikafuata watu. Nikaona kijani tele jukwaani, nikasema alhamdulillahi, ndio hawa. Mama mmoja mwenye mto wa kukalia, rika langu, akaniona na jezi yangu akasogea. "Karibu mwenzetu, kaa." Nikakaa. Sura za kwenye basi sikuziona, nikadhani zimechanganyika tu na watu.

Timu zikaingia. Moja kijani, nyingine nyeupe, na nyeupe yenyewe imefuliwa vibaya, imekuwa rangi ya majivu. Nikawacheka kimoyomoyo. Nikasema dobi wao afukuzwe.

Nikampigia Mzee. Nikatangaza! Faulo, kona, kurusha, vyote kwa majina yake. Mara kijani namba tisa akapiga, wavu ukatikisika, jukwaa zima likaruka na mimi nikaruka, nikakumbatiana na mama wa mto. "Namba tisa! Namba tisa kafunga!" Na upande wa pili, Mzee wangu akapiga ukelele. Alisema alimwambia kocha, alimwambia tangu mwaka jana, goti si jicho! Miezi mitatu sijasikia sauti ile. Kabla ya mapumziko kijani wakaongeza. Mbili bila. Nilitaka kumbusu kila mtu aliyekuwa jukwaani.

Mapumziko, mama wa mto ananiuliza nakaa mtaa gani, mbona hajawahi kuniona. Nikamtajia. Akanitazama. Akatazama jezi yangu, nembo ya kifuani. Akaniinamia sikioni, taratibu.

"Dada, nyinyi ndio weupe."

Kumbe rangi zikigongana, mgeni ndiye anayebadilisha. Nani aliniambia? Masomo siku nzima na hilo hakulisema! Nikatazama kona ya mbali, nyuma ya goli, na kweli, Spika na basi zima, wamejikunyata kama kuku walionyeshewa. Jezi za rangi ya majivu ni zetu. Aibu ya dobi huyo ni ya mtaa wangu.

Niliinuka nikimbie. Akanivuta nikae. Alisema nikipita mbele ya jukwaa saa hizi na nembo ile vijana wao watanizomea hadi getini; nikae tu, mgeni njoo mwenyeji apone, ila nisishangilie. Alikuwa anacheka hadi machozi, ameziba mdomo kwa kanga watu wasitushtukie. Akanitupia kanga nyingine mabegani.

Sasa nimwambie nini Mzee? Mtu wa moyo, amelala peke yake, anaamini tunaongoza mbili. Nimpindulie hapohapo ziwe mbili za kwetu kufungwa? Nikaamua kudanganya. Mungu anisamehe, niliona ni dawa.

Akapiga yeye. Ana hamu, anauliza namba tisa alishangilia vipi. Nikasema kapiga sarakasi, mara mbili.

"Kwa goti lile?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa hatua moja. "Mke wangu," akasema, kwa upole kabisa, "hebu niambie. Umekaa wapi?"

Nikamwambia. Yote. Jukwaa, mama wa mto, weupe, majivu. Nikanong'ona kama mwizi. Ikasikika pumzi kule, kama mtu anayeinua mzigo, halafu sauti ambayo sikuijua. Alikuwa anacheka? Anakohoa? Ikapanda, ikakatika. Simu ikafa.

Nikapiga, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Nikampigia kinyozi, simu yake inaita tu. Kipindi cha pili kilianza na mimi sikuona hata mpira. Nilichoona ni kitanda chetu na simu imeanguka sakafuni. Nilisema nimemuua. Nimemuua kwa sarakasi. Mama wa mto aliacha kucheka, akanishika mkono wala hakuuliza ni nini. Akawa ananisugua kiganja kwa kidole gumba, mechi inaendelea, watu wake wanaimba.

Halafu simu, namba ya kinyozi. Sikuweza kuipokea. Mama wa mto aliipokea akaniwekea sikioni.

"Upo?" Mzee! "Simu yangu imezima chaji. Niko huku kwa kinyozi, tumekuweka kwenye spika. Haya tangaza, na mara hii utazame weupe!"

Nikauliza amefikaje. Akasema kwa miguu, kwani kuna njia nyingine? Kinyozi akadakia nyuma, alimwona mtu anavuka barabara na ndala na shuka mabegani, akadhani ni mzuka, kamwacha mteja na kichwa nusu. Alihema? Akapumzika kwenye ngazi? Kinyozi kasema kapumzika kidogo, kisha kaomba kiti kilicho karibu na tundu la umeme.

Roho ilinirudi. Sijui namna nyingine ya kuandika. Nililala begani kwa mwanamke nisiyemjua, katikati ya maadui, nikalia kwa furaha mpaka jezi ikalowa.

Kisha nikatangaza, kwa kunong'ona, kanga kichwani, duka zima la kinyozi linasikiliza. Weupe wakapata penalti. Namba tisa wa kweli, yule wa goti, akaweka mpira. Mzee akaniambia nisifumbe macho. Nikafumba. Nikasikia kona ya mbali ikilipuka, na koo langu mwenyewe likatoka bila ruhusa, nimesimama juu ya benchi! Jukwaa zima likanigeukia. Mama wa mto akaruka naye.

"Nimemkanyaga," akawaambia. "Ana kucha mbovu."

Nikachechemea kidogo, kwa heshima yake.

Ikaishia hapo. Mbili kwa moja, tumefungwa. Nilimwuliza mama yule jinsi ya kumrudishia kanga, akasema nimletee timu ikicheza tena hapa, na nimlete huyo mzee amwone. Basini kimya kama msibani. Spika anasema kushindwa kwenyewe si kitu, linalomuuma ni kuniona mimi natabasamu. Nikamweleza. Alinyamaza mara ya pili ndani ya wiki moja, akaomba simu, akazungumza na Mzee kilomita nyingi, kwa sauti yake yote. Wamegombana kuhusu kocha. Daktari angefurahi.

Jumapili hiyohiyo, kituoni

Tumefika kituo cha mbele ya duka letu, sijashuka. Basi linarudi nyuma polepole na watu wameziba mlango na ngoma zao. Naandika nimesimama.

Nilidhani nitamkuta amerudi juu. Nikajiandaa kabisa, nikajisemea usitarajie mengi, leo ni leo tu. Lakini nimemwona. Yuko mbele ya duka la kinyozi, barabarani, shuka limeanguka na hajali. Amezungukwa na wanaume, anawaonyesha penalti. Sio kwa maneno — anarudi nyuma, anapima! Kinyozi anamshika mkono. Ameutoa mkono wa kinyozi.

Amepiga. Ndala imeruka hadi juu ya bati la duka letu.

Ameinama. Mikono magotini, mabega yanatikisika. Haiinuki ile shingo. Jamani nipisheni! Hawanipishi. Bado ameinama, kinyozi naye ameinama —

Wanacheka. Wote wawili, wanacheka tu, Mungu wangu.

Sasa ameliona basi. Anakuja mwenyewe, mguu mmoja pekupeku, anahesabu madirisha kwa kidole, ananitafuta mimi —