Samaki Niliyemwokea Nikola

Lom,
10 Desemba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Rayna,

Hujambo huko Valencia? Goti lako vipi, na yule kikongwe unayemtunza bado anakurushia vijiko? Mimi mwili mzima. Kichwa ndicho kimevurugika, kwa hiyo barua hii ikienda mrama nivumilie.

Unajua Nikola wangu na mkewe Desislava wako kwenye kesi ya talaka. Usilolijua ni kwamba mwezi uliopita Nikola alimvunja mkewe mkono. Mahakama ikatoa amri ya ulinzi: asimsogelee mkewe wala mtoto wao Elitsa, mita mia. Na kwa kuwa wote wanaishi hapa kwangu, mwanangu amekatazwa nyumba alimozaliwa. Nilimuuliza polisi, "Hizo mita mia zinaanzia wapi baba, mlangoni au getini?" Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Basi Ijumaa ikawa sikukuu ya Mtakatifu Nikola, siku ya jina la mwanangu. Miaka thelathini na nne naoka samaki siku hiyo kwa ajili ya jina lake! Miguu ilinipeleka sokoni yenyewe. Nikamfunika samaki mzima kwa unga uliokandwa, nikamwoka, nikaandaa meza, na mlango nikaurudishia tu bila kuufunga. Siku ya mtakatifu wa jina lako hualiki mtu, na anayekuja hafukuzwi. Desislava akaniuliza, "Mama, huyo samaki wa nani?" Nikamjibu, "Wa mtakatifu." Mwongo mkubwa mimi.

Akaja. Shati jeupe, chupa ya divai mkononi. "Mama, hata hunipongezi?" Nikamkumbatia. Ningefanyaje, Rayna? Nimemzaa. Desislava akakimbilia simu, polisi wakaja wakamchukua mwanangu, samaki akiwa bado wa moto mezani.

Sasa wakili wa Nikola amenipigia simu mara tatu. Kesi ya ile amri ni Alhamisi, na anataka niseme tulimwachia mlango wazi, tukamwandalia meza, kwa hiyo hakuna anayemwogopa. Mlango ulikuwa wazi kweli! Meza niliandaa kweli! Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Jirani ananiambia damu nzito kuliko maji. Lakini nikimtetea, amri itafutwa na atarudi humu ndani. Nisipomtetea, mimi ni mama gani?

Kuna jambo sijamwambia mtu. Nikola alipoingia, Elitsa hakulia. Ana miaka sita tu. Alichukua sahani yake na kipande cha mkate, akaenda bafuni, akajifungia. Hakuna aliyemtuma. Nilipomfuata baadaye akaninong'oneza, "Bibi, leo tunakaa humu mpaka lini?"

Mara ngapi amejificha humo, Rayna? Nami nilikuwa wapi, jikoni nakaanga pilipili?

Sijui Alhamisi sauti nitaitoa wapi, lakini hilo la bafuni nitalisema. Jana nilimwita fundi abadilishe kitasa. Akachonga funguo tatu: wangu, wa Desislava, na mmoja wa akiba. Akauliza, "Na wa Nikola, mama?" Nikamwambia tatu zinatosha, kisha nikalia mbele yake bila haya.

Msalimie shemeji Todor, na mwanenu Iveta mbusu kwa niaba yangu. Mungu akulinde ugenini. Ukipita kanisani mwashie Nikola mshumaa, maana hapa kwetu naona aibu kumwashia, na bado ni mwanangu.

Dada yako akupendaye kama zamani,
Stoyanka