Kila Mtu Huku Ni Fine

Kwa mama yangu mpendwa, Mpale.

Shikamoo mama. Naomba barua hii ikukute umeketi, maana ninayokuandikia yamenitoa jasho na baridi yote hii ya Uingereza. Mvua huko zimeanza? Maharage yameshika? Na mtoto wa dada Amina ameshaota meno?

Mama, huku kuna neno moja, fine, yaani nzuri, wao hulitamka "fain". Ukiulizwa hali, fine. Ukiletewa chai, fine. Jua likitoka, siku ni fine. Mtu akikasirika mpaka anabamiza mlango, naye anasema fine! Hata ile faini mjomba anayotozwa pale Segera kwa ajili ya lori lake, kumbe ni neno hilohilo. Mwanzoni nilicheka. Nikasema wenzetu wamepata neno la kazi zote, kama kanga.

Sasa sikia. Pale ninapofua nguo za hospitali, nakunja mashuka na mama mmoja anaitwa Margareti. Shuka tunakunja wawili, kila mtu ameshika pembe zake, tunasogeleana mpaka mikono inagusana. Kwa hiyo uso wake nauona kutwa nzima. Jumatatu nikamuuliza habari, akasema fine. Tukakunja mpaka wakati wa chai. Ndipo msimamizi akanivuta pembeni: "Mwenzako kafiwa na mumewe juzi."

Mama weee! Mtu ana maiti ya mume, anakunja mashuka! Najua, hata sisi tunajibu nzuri. Lakini kwetu ukisema nzuri mwenzio haondoki. Atauliza za watoto, za shamba, za mgonjwa, mpaka mwenyewe utasema, "Nzuri, ila baba watoto ametutoka." Huku wakishasikia nzuri wanapita zao. Hiyo "ila" hakuna anayeisubiri.

Nikamwendea, nikamshika mikono. Mmezika? Bado, mpaka zipite wiki tatu. Wiki tatu, mama! Nyumbani kuna nani? Hakuna mtu, yupo paka tu. Jamani, msiba hauna hata mtu wa kubandika chai! Kazi ilipoisha nikamfuata kwake bila kualikwa. Mlangoni akasema yeye ni fine, niende tu. Nikamjibu, "Sijaja kuuliza, nimekuja kukaa." Nikavua viatu, nikaingia jikoni.

Alilia, mama. Alilia mpaka nami nikalia, na huyo mume sikuwahi kumwona. Akanieleza kwamba marehemu alikuwa na uvimbe shingoni muda mrefu. Kila akimuuliza, fine. Kwa daktari hataki. Alipokuja kukiri kwamba anaumia, madaktari hawakuwa na la kumfanyia.

Hapo moyo wangu uliruka mpaka Mpale. Amina amenidokeza kwamba una uvimbe kwenye titi, unauficha, na umemkataza asiniambie. Nami kila nikipiga simu, "Nzuri tu mwanangu, huku wote wazima," halafu unaniambia vocha inaisha, na aliyepiga ni mimi! Nimekasirika, mama, na nimeogopa sana. Nisamehe kukusemesha hivi, wewe ni mzazi wangu.

Nimeongea na mjomba. Ukishapata barua hii, Jumanne inayofuata atakuja kukuchukua akupeleke hospitali Korogwe mjini. Usimfukuze, na usimwambie kuna palizi. Palizi atafanya Amina.

Nisalimie Amina, wala usimgombeze. Nisalimie bibi mzaa baba, mwambie sweta alilonifumia ndilo linaloniokoa huku. Na jirani yetu fundi cherehani, mwombe akusindikize, asikuache uingie kwa daktari peke yako.

Jumanne jioni nitapiga. Nitauliza za nyumbani, za shamba, za majirani, kisha nitauliza za daktari, na hapo usinijibu nzuri. Kama ni mbaya, niambie ni mbaya. Mimi ni mwanao, mama, si mpita njia.

Mwanao akupendaye,
Zaina