Paa Lilegezwe Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Leo ni miaka miwili, miezi saba na siku kumi na moja tangu niondoke nyumbani. Nimehesabu kwa vidole, nikarudia kwa kalamu. Sawasawa.

Mgongo umekufa. Nimeosha magari kumi na tisa. Vidole vimekunjamana kama vya kikongwe. Lakini leo uchovu siujali, kwa sababu nimefanya jambo. Ushujaa au kiherehere — sijui bado!

Lile gari jekundu la mwalimu limerudi gereji. Mwalimu mwenyewe ni mama mstaafu, alifundisha hesabu, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Gari ni la viti viwili, paa lake kitambaa cheusi kizito, unalikunja likalala nyuma ya viti. Kioo cha nyuma ni kioo kweli, kimegandishwa kwenye kitambaa kwa gundi tu. Gundi imechoka. Upande wote wa juu umeachia. Ukisimama nyuma unaingiza kiganja kizima.

Wiki iliyopita alikigandisha fundi mkuu. Sisi tunamwita Supaglu, yeye akiwa mbali. Kila kitu kwake ni supaglu: soli ya kiatu, mpini wa kikombe, hata kidole chake alipojikata. Kioo kilishika siku nne. Ya tano, tra! Kikaachia pale pale na pembeni kidogo zaidi.

Mwalimu hakupiga kelele. Alisema taratibu kwamba amekaa na watoto miaka thelathini na sita, anamjua mtu asiyefanya kazi yake ya nyumbani. Supaglu akawa anatazama viatu vyake.

Bosi akasema paa jipya linaagizwa, wiki sita. Mwalimu akasema Jumapili anakwenda kwa dada yake, kilomita mia tatu, na gari litatengenezwa ama hapa ama gereji ya ng'ambo ya barabara. Hapo mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

— Bosi, mimi naweza.

Walivyocheka! Hapa jina langu ni Ndoo. Supaglu akaniambia, Ndoo, wewe shughulika na povu, gundi waachie wenye gundi.

Nikasema ukweli wangu. Kabla ya kuja huku nilikaa miaka tisa kwa mjomba, nikishona na kutia viraka maturubai ya malori. Shule niliishia darasa la sita, lakini turubai nalijua. Turubai halitiwi kiraka likiwa limekazwa. Gundi itakauka huku inavutwa, haipati hata dakika ya kupumzika. Unalegeza kwanza, unabandika, unasubiri, ndipo unakaza. Supaglu alibandika paa likiwa limefungwa kwa mbele, limekaza kabisa. Lingeshikaje?

Bosi alinitazama kama mtu anayesikia ndoo inaongea. Kisha akasema: kioo kikishika, kikapita mtihani wa maji Jumamosi saa mbili asubuhi, napata ile likizo niliyoomba tangu mwaka jana. Siku thelathini, kuanzia Jumatatu ya tarehe 17. Kisiposhika, neno likizo nisilitamke mpaka mwakani.

Nikasema sawa. Nimesema sawa, jamani!

Binti yangu ana miaka miwili na mwezi. Nilimwacha tumboni. Anajua baba ni simu. Akiiona simu yoyote anaikumbatia, "Baba!" Juzi kaibusu ya muuza maziwa. Mke wangu anacheka akisimulia, na mimi nacheka. Nikishakata simu sicheki.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya kukwangua. Kukwangua, kukwangua, kukwangua!

Supaglu ya Supaglu imekauka ngumu kama ukucha. Ukiivuta kwa nguvu inaondoka na nyuzi za kitambaa. Nimetumia kipande cha plastiki nilichokinoa kwenye sakafu, kidogo kidogo, nusu kidole kwa nusu kidole. Chini yake ipo gundi ya kiwandani, nyeusi, laini, inabanduka kama ngozi ya kidonda kilichopona. Kwenye kioo kuna nyaya nyembamba za kupasha joto, na waya mmoja mdogo umeungwa pembeni. Nimeukwepa kama mtoto aliyelala.

Kisha spiriti. Kitambaa safi, spiriti, kitambaa kingine. Baada ya hapo hakuna kugusa kwa kidole kitupu, mafuta ya ngozi yanaharibu.

Mpaka rangi wa gereji, mwenzangu wa chumbani, kanipa selotepu yake ya karatasi nizungushie kingo zisichafuke. Kaniuliza nimewahi kubandika kioo? Nikamwambia sijawahi, nimebandika maturubai. Akasema, ala! Sasa wewe na Supaglu mna tofauti gani? Nikasema mimi naogopa. Akacheka mpaka akakaa chini.

Lakini kweli. Naogopa, na ninafurahi, vyote kwa mpigo. Nimekula huku nimesimama.

Jumatano, 5 Machi

Nimebandika!

Nimefungua zile ndoano mbili za mbele zinazoshika paa kwenye fremu ya kioo cha mbele. Nikaliinua kidogo, nikaweka katikati kipande cha ubao nilichokizungushia taulo. Unene wa vidole vinne. Basi! Nyuma kule kitambaa kikashuka, kikalegea, kikakaa juu ya kioo chenyewe bila kulazimishwa. Supaglu alikuwa anapita. Alisimama. Akainama kutazama ule ubao — na Supaglu kuinamia kazi ya Ndoo ni habari.

Gundi niliyoomba ni ile nyeusi ya vioo vya magari, ya kusukuma kwa bunduki yake. Hiyo ikikauka inabaki na ulaini kidogo, paa likitikisika nayo inafuata. Shida ni moja: mkono ukianza usisimame. Ukisimama inafanya uvimbe, ukiharakisha inaacha pengo. Nilishika pumzi upande wote wa juu. Nikapumua kwenye kona. Nikashika tena. Mpaka rangi alikuwa anapumua kwa niaba yangu!

Kisha kubana. Ndani ya gari nimepanga ndoo zangu tatu, moja juu ya nyingine, juu yake sponji, juu yake ubao, unasukuma kioo kutoka ndani. Nje nimelaza ubao mwingine na mifuko midogo ya mchanga. Kitambaa katikati, hakina pa kwenda. Bosi kaja kuuliza mbona gari limejaa ndoo. Nikamwambia ndizo jiriwa zangu za kubania. Akauliza muda gani. Nikasema siku mbili kamili, asiliguse mtu, asilikunje mtu.

Mtu aliyeosha magari miaka miwili na nusu anamwambia bosi wake "asiliguse mtu". Na bosi akajibu haya!

Alhamisi, 6 Machi

Mjinga mimi. Mjinga, mjinga.

Asubuhi nimeingia kuangalia. Kila kitu kizuri, mstari umenyooka, umeanza kukauka. Furaha ikanizidi. Nikatoka, nikafunga mlango kama mtu anayefunga mlango wa kwake — pu! Vioo vyote vya milango vilikuwa juu. Hewa haikuwa na pa kutokea. Ikasukuma nyuma. Kona ya chini kushoto ikaachia, upana wa njiti ya kiberiti.

Hakuna aliyeona. Pale pale nikajua ninachoweza kufanya: kuna utepe mweusi wa pembeni, unaushusha kidogo tu, ufa hauonekani. Jumamosi ya maji pengine ingepita. Jumapili mwalimu angekuwa njiani, kilomita ya mia moja hivi.

Nikamwita Supaglu. Sikuwa na mwingine, mpaka rangi alikuwa ndani ya chumba cha rangi na barakoa yake.

Nilitegemea atangaze gereji nzima. Akacheka, ndiyo, alicheka sana. Kisha akasema, we Ndoo, hata mimi najua kioo kibichi unaacha dirisha wazi, na mimi ndiye Supaglu! Kumbe jina analijua. Akavua saa, akavaa glavu. Tukashusha vioo vya milango. Mimi nikasafisha kona, nikatia gundi, yeye akabana kwa vidole gumba viwili. Alikaa hivyo karibu saa nzima, amepiga magoti juu ya buti la gari, huku ananisimulia habari za shemeji yake asiyependa kazi. Sijawahi kumpenda mtu ghafla namna hii.

Mchana nikaenda kumwambia bosi mwenyewe. Nikasema nimeharibu kona, nimerekebisha, inataka mpaka Jumamosi saa nne, si saa mbili. Akasema sawa, saa nne. Akarudi kwenye makaratasi. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, nikabaki nimesimama tu na maneno yangu ya kujitetea.

Ijumaa, 7 Machi

Magari ishirini na mawili. Katikati ya kila gari nakimbia kuchungulia langu. Langu! Kona imeshika. Nimeibonyeza kwa ncha ya kijiti. Imeshika!

Mwalimu kapita kuangalia. Kazunguka gari mara mbili, mikono nyuma, kama anasimamia mtihani. Kauliza nani kafanya. Supaglu akanionyesha mimi kwa kidevu. Mama akaniambia, mwanangu, nilisubiri miaka thelathini na sita kuendesha gari lisilo na paa, na sasa nahangaika na paa. Tukacheka wote. Akauliza nina watoto. Nikasema mmoja, hajaniona. Akavua miwani, akaifuta, akavaa.

Nimempigia mke wangu. Nikamweleza yote, ubao, taulo, ndoo. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: baba nanihii, hayo ya gundi nimefurahi, ila unakuja lini? Nikaanza, labda — akanikata. Labda ameshazisikia za kutosha, nimpe tarehe. Kama sina tarehe niseme sina, yeye ni mtu mzima.

Nikampa. Nimetaja siku kabla ya kioo kuonja maji! Likizo inaanza Jumatatu tarehe 17, safari siku tatu, nimempa tarehe 20. Kisha nikasikia anaiambia nyumba nzima.

Jambo moja linanikera. Jioni nilipokuwa nafuta sakafu ya ofisini bosi alikuwa kwenye simu. Anasema, ndiyo, lete tu, ninaye mtu. Lete na lile la pili. Mtu ni mimi! Nilivimba kichwa mpaka mlangoni. Mlangoni ndipo nikajiuliza: analetewa lini, kabla ya likizo yangu au katikati yake?

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa ndani ya gari la mwalimu! Daftari liko juu ya usukani. Mtihani umeanza. Supaglu kashika mpira wa maji, anamimina juu ya paa, nyuma, kushoto, kulia. Kazi yangu ni kukaa humu nusu saa na kutazama kioo. Nimeweka karatasi nyeupe kwenye zulia chini ya kioo. Tone likianguka litaonekana.

Dakika tano. Kavu.

Paa tulilifunga saa nne kamili. Nilivuta ndoano mbili polepole, kitambaa kikakaza, nikasubiri ule mlio wa tra. Haukuja. Supaglu akasema, sasa pumua wewe, utazimia ndani ya gari la watu.

Dakika kumi na mbili. Kavu! Kelele humu ni kama mtu anamwaga mahindi juu ya bati. Mpaka rangi anacheza nje na ovaroli lake limelowa.

Dakika kumi na tisa. Kona ya kushoto nimeipitishia kidole. Kikavu. Nimekipitisha tena, nikakinusa kabisa.

Kupitia kioo hiki naona geti. Gari la fedha limeingia, paa la kitambaa. Nyuma yake jingine la kijani, paa la kitambaa. Bosi anapeana mikono na wenyewe. Ananinyooshea kidole. Wanatikisa vichwa kwa kuridhika.

Dakika ishirini na sita. Bosi kaja mlangoni kwangu. Nimeshusha kioo vidole viwili, maji yamenirukia usoni — ya mlangoni, si ya nyuma! Akasema, umefanya kazi ya mtu. Akasema, haya mawili ni yako. Akasema, likizo tutaizungumza ukimaliza, labda mwezi wa nne, labda wa tano.

Nilisema: bosi, labda sina. Mke wangu ana tarehe. Mawili haya nayaanza Jumatatu, nayamaliza kabla ya tarehe 17, na Supaglu ananisaidia, ameshajua kulegeza.

Sikujua nitasema. Supaglu kasikia. Kasogeza mpira wa maji pembeni ili asikie vizuri. Kisha kaurudisha juu ya paa bila kumtazama bosi, na bosi sasa analowa.

Analowa na haondoki. Anatazama kioo, ananitazama mimi. Dakika ishirini na nane. Karatasi nyeupe, kavu. Hajasema ndiyo, hajasema hapana, na mimi sipandishi kioo cha mlango mpaka aseme.

Huku nikimsubiri naandika tarehe ya mke wangu: Alhamisi, tarehe 20 Machi, kabla jua halijazama, naingia nyumbani kwangu.