Dakika Sita

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na uzipokee kwa masikio maana macho yako bado yako likizo. Hali yako vipi? Jicho linaendeleaje? Shangazi aliniambia kwa simu kwamba bandeji imeshatolewa, ila daktari amekukataza kusoma, kushona na kuinama kwa wiki tatu, na kwamba umeshagombana naye kuhusu hilo la kuinama. Nilicheka peke yangu dukani mpaka mteja akaniuliza kama niko sawa. Tulia, dada. Sakafu ya shangazi haitakimbia, utaifagia ukipona. Sisi huku hatujambo. Cherehani inazunguka, na binti yako anakula na kulala vizuri, ingawa yeye na hesabu bado hawaivi chungu kimoja.

Kwa vile huruhusiwi kusoma, barua hii nimempa mumeo akusomee. Anapanda basi kesho Alhamisi asubuhi. Nimemwapisha asiifungue njiani, na kwa ninavyomjua, hakuifungua. Kwa hiyo shemeji, salamu na wewe unayesoma. Soma kwa sauti, usiruke mstari, na hata ukikuta nimekusema, soma hivyo hivyo. Dada, ukisikia ametulia ghafla, mwambie aendelee.

Najua unachokitaka ni habari za mashindano ya baiskeli, maana mumeo kwenye simu alikupa maneno matatu tu: tumekuwa wa pili. Akakata. Mimi nitakupa yote, na kama nitakuwa mrefu nivumilie, huna pa kwenda.

Mwaka huu zilikuwa timu kumi na nne. Njia ni ile ile, kilomita mia mbili na arobaini, waendeshaji wanne kwa kupokezana, kila mtu na sitini zake. Kipande cha kwanza tulimpa mwoka mikate kama kawaida, kwa sababu ameshazoea kuamka kabla ya jua na anaamini kila anayelala mpaka saa kumi na mbili ana ugonjwa. Cha pili ni cha Mwalimu, nahodha wetu, na daftari lake la hesabu ambalo nina hakika hulala nalo. Cha tatu ni changu, chenye mlima. Cha mwisho ni cha shemeji. Kimekuwa chake miaka yote, isipokuwa mwaka jana alipolazwa kwa ajili ya mapafu, tukamweka yule fundi rangi aliyepotea njia na kukutwa anauliza barabara kwenye kituo cha mafuta.

Sijui kama niliwahi kukueleza tunavyopokezana. Sheria za mashindano zinasema tu kwamba anayefika lazima ampe mkanda anayeondoka, mkono kwa mkono. Mikanda yetu naishona mwenyewe, kitambaa cha kijani, ya kuvaa begani. Lakini timu yetu ina sheria yake juu ya hiyo. Anayefika anasema neno moja tu: tofauti ya muda kati yetu na timu iliyo jirani. Hasalimii, hatoi pole, hasemi kazana. Anayeondoka haulizi swali, na hageuki nyuma mpaka mwisho wa kipande chake, kwa sababu anayegeukageuka hupoteza pumzi na mstari. Anajipimia mwendo kwa ile namba aliyopewa. Ukiambiwa tuko mbele kwa muda mrefu, unajitunza. Ukiambiwa wako karibu, unatoa yote uliyo nayo. Timu nyingine zina watu wa pikipiki wa kuwapigia kelele njia nzima, sisi tuna namba moja tu, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuitilia shaka.

Basi, mwoka mikate alifika wa tatu, analalamika kuhusu upepo kana kwamba sisi ndio tuliouagiza. Mwalimu akafanya maajabu. Mtu wa miaka hamsini na mbili, miguu myembamba hivyo, akawapita wote wawili, na akanikabidhi mkanda tukiwa mbele ya timu ya kiwanda cha saruji kwa dakika tatu. Mimi nikapanda ule mlima, nikashuka, nikafika kituo cha tatu tukiwa bado wa kwanza. Hapa napita haraka kidogo, nitarudi. Shemeji alikuwa amesimama tayari, mguu mmoja kwenye pedeli. Nikamvalisha mkanda, nikamwambia, "Dakika sita. Nenda taratibu." Hilo la pili sheria yetu hairuhusu, lakini lilinitoka.

Akaondoka.

Baadaye gari la mikate, mwoka mikate na Mwalimu wakiwa ndani, lilinichukua likatupeleka mwisho kwa barabara ya nyuma, maana ile ya mashindano hufungwa. Tukasubiri pale kwenye kamba saa nzima na zaidi. Mwoka mikate alikuwa ameshaanza kupanga kombe litakaa rafu gani dukani kwake. Kisha tukamwona shemeji anatokea kwenye kona ya mwisho, peke yake, mgongo umetulia, mdomo umefungwa, anakanyaga vizuri kama mtu anayeenda kazini. Tukapiga kelele za furaha. Halafu kwenye ile kona ikatokea fulana ya bluu ya saruji, kijana ameinama mpaka pua inagusa usukani. Kelele zetu zikageuka, tukawa tunamwambia akimbie, lakini katika makelele yale utajuaje nani anashangilia na nani anaonya? Naye hakugeuka nyuma, kama sheria yetu inavyosema. Alikuja kumwona yule kijana ameshakuwa ubavuni. Dada, alisimama juu ya pedeli akampigania mpaka nikasikia mnyororo ukilia, lakini mwenzake alikuwa na kasi tayari. Tukashindwa kwa sekunde tatu.

Alishuka, akaegemeza baiskeli ukutani, akamsogelea Mwalimu. Hata jasho lilikuwa halijamlowesha vizuri. Mwalimu akamuuliza kwa upole kimetokea nini. Mumeo akasema, "Miguu imekataa." Hakusema zaidi. Hakutaja aliambiwa namba gani, na ubao wa matokeo huandika jumla tu, kwa hiyo hakuna aliyejua. Mimi nilikuwa nimesimama karibu kama wewe na kiti ulichokalia. Nilinyamaza. Kwenye gari la mikate, njia nzima ya kurudi, nilinyamaza pia.

Siku ya pili yake akaiosha baiskeli, akaipaka mafuta, akaitundika kwenye boriti ya ghala. Akamwambia Mwalimu atafute mtu mwingine wa kipande cha mwisho. Baiskeli amemwahidi kinyozi, ataichukua Jumamosi shemeji akisharudi kutoka huko. Siku hizi anaenda kazini kwa miguu, begi la spana na vipande vya mabomba begani, na watu wakimuuliza anasema mapafu ndiyo yamemwambia ukweli ambao daktari aliuficha. Hana kisirani, unamjua. Anaongea hivyo hivyo kwa sauti yake ya kutuliza watoto, na hiyo ndiyo inayonimaliza. Jana jioni alinisaidia kubeba vitambaa, akaniambia, "Wewe uliniletea dakika sita, Kiberiti. Mimi nikazimwaga zote." Akanisifu, dada. Akasema mlima ule hajaona mtu akiupanda vile.

Sasa shemeji, hapa punguza mwendo. Kinachofuata ni chako zaidi kuliko cha dada. Nimejaribu mara tatu kukuambia uso kwa uso, na mara tatu nikianza tu na habari za siku ile, wewe unasema yaishe, unanipa kikombe cha chai. Wewe husamehe watu kabla hujajua wamekosa nini. Barua haiwezi kukatizwa, ndiyo maana nimekubebesha. Ni ujanja, najua, na ningekuwa na njia nyingine ningeitumia.

Hazikuwa dakika sita. Zilikuwa sekunde hamsini.

Pale mlimani barabara inapojikunja, ukitazama chini unaona ulikopita. Nilitazama, nikamwona mtu wa saruji anapita penye nguzo nyeupe niliyoipita mimi, nikahesabu. Zile dakika tatu za Mwalimu nilikuwa nimezila sehemu kubwa. Nilikuja mpaka kituo cha tatu nikiirudia ile namba mdomoni nisije nikaisahau: hamsini, hamsini. Nilipokaribia nikakuona umeketi kwenye benchi, umeinama, taulo mdomoni, unakohoa. Baadaye ulituambia ulipaliwa na maji. Mimi wakati ule sikuona maji. Niliona kile kitanda cha hospitali, lile bomba la puani, na dada ameketi pembeni anajifanya anasoma gazeti. Nikajua nikikuambia sekunde hamsini utajiua barabarani, maana wewe hujui kutoa nusu. Ulipopanda baiskeli yako na kunitazama, mdomo wangu ukasema sita.

Daktari alikupima. Alisema mapafu mazima, ukatuletea karatasi, ukaizungusha mezani kila mtu aisome. Mimi nikajifanya daktari kuliko daktari. Nilikuamulia kama mtoto, wewe mtu mzima mwenye akili zako, na sikukupa hata nafasi ya kubisha.

Na nikiishia hapo nitakuwa nadanganya tena, kwa sababu huruma ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni aibu. Nilikabidhiwa dakika tatu nikaleta sekunde hamsini, na sikutaka kulisema hilo mbele ya macho yako. Ningeweza kusema mbili, ningeweza kusema tatu, ungeenda taratibu vilevile. Nikasema sita kwa sababu sita ilinipendezesha. Ndiyo maana uliponisifu jana niliangusha vile vitambaa. Haukuwa uzito.

Sasa nisikilize vizuri. Tangu siku ile umekuwa ukiamini kwamba kijana yule alikupokonya dakika sita ndani ya kilomita sitini, na mtu anayepokonywa dakika sita kweli atundike baiskeli. Lakini alianza sekunde hamsini nyuma yako akamaliza sekunde tatu mbele. Amekupunguzia sekunde hamsini na tatu. Yeye alikuwa anakufukuza kwa roho yake yote, ana miaka ishirini na kitu, na wewe ulikuwa unaenda taratibu kwa sababu mimi ndiye niliyekuomba. Nimempelekea Mwalimu hesabu hiyo leo asubuhi shuleni kwake, nikamwambia kila kitu nikiwa nimesimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu mno, akaandika kwenye daftari, akaniambia kwamba kwa hesabu zake, kama ungepewa namba ya kweli kombe lingekuwa kwenye rafu ya mikate. Hakunigombeza. Nilimrudishia mkanda wangu wa mazoezi, akaupokea, akasema wewe ndiwe utakayesema kama nitauvaa tena. Ni haki.

Shemeji, miguu yako haikukataa. Mapafu yako hayakusema chochote. Ulidanganywa, na aliyekudanganya ni mimi, mtu uliyemwamini kiasi cha kutogeuka nyuma. Baiskeli ni yako, kinyozi ni rafiki yako, ukitaka kumpa mpe. Lakini usimpe kwa sababu ya ile namba, maana haikuwepo.

Dada, na wewe niwie radhi. Uliniachia nyumba na watu wako, nikashika vyote isipokuwa mdomo wangu. Kama shemeji amenyamaza hapa, usimhimize tena. Nyoosha mkono umshike, atakuwa karibu.

Nisalimie shangazi, mwambie shuka zake nimezimaliza na pindo nimeliweka pana kama alivyotaka. Msalimie na daktari wako, umwambie nampa pole. Binti yako anakubusu macho yote mawili, lile zima na hilo la kutengenezwa. Fuata masharti, tumia dawa kwa saa zake, na ukiruhusiwa kuja nitakuja stendi kukupokea hata kama nyie wawili hamtakuwa mnanisemesha.

Nawe shemeji, asante kwa kusoma mpaka hapa. Nakuomba kitu kimoja tu. Ukirudi Jumamosi ukinikuta mlangoni, usianze na yaishe. Kasirika kwanza.

Ni mimi mdogo wenu,

Kiberiti