Mkono Niliomnyima Kamau

Jumamosi, Kimilili

Na bado nacheka peke yangu. Kamau, huyu kijana wa kabila lingine kutoka Kitale anayetaka kumuoa Nekesa wangu, leo alininyooshea mkono mlangoni. Nikarudi nyuma upesi. Kwetu Wabukusu, mama mkwe hashikani mkono na mkwe. Akabaki na mkono hewani, nami nikaogopa uchumba umeishia hapo.

Nekesa akaleta yale ya chuo kikuu. "Mama, hakuna mila iliyo sahihi kwa wote. Kila watu na yao."

"Hata kupiga bibi ni watu na yao?"

Kamau akasema polepole, "Kwetu, mama, kumnyima mtu mkono ni kumdharau."

"Kwetu kukupa ndiyo dharau, mwanangu."

Tukaangaliana. Ee Bwana, kumbe sote tulikuwa tunaikimbia dharau ile ile. Mila ni mbili, lakini heshima ni moja, na hiyo hakuna kabila lililoitunga. Na haya nimeyaona mimi, niliyeishia darasa la nane.

Kamau akaweka mikono nyuma, akainama, akanisalimu kutoka mbali. Nikamtuma Nekesa ampelekee firigisi ya kuku, kipande ambacho kwetu huliwa na baba mwenye nyumba. Akaila yote, na maana yake hakuhitaji kuuliza.