Ruhusa ya Kumpa Baba Sura

Katoro, Geita
14 Juni, 2025

Mpendwa Shangazi Justa,

Shikamoo. Na kwa kuwa najua hutosheki na salamu ya Kiswahili peke yake, mwangaluka pia, kwa Kisukuma chetu. Goti lako linaendeleaje? Dorah wako alinitumia picha umejifunika mablanketi mawili mchana kweupe, nikajua baridi ya Lusaka imemkamata Msukuma. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, presha imetulia, na ulimi wake haujawahi kuugua.

Ningekupigia simu, ila wewe kwenye simu huanza kucheka kabla mtu hajamaliza. Hili nataka ulisome mpaka mwisho, ukiwa umekaa.

Kwanza habari za kazi. Nimeacha kuchora matangazo ya watu. Mimi na wenzangu wawili, Mwanaima na Edson, tumepanga chumba kilichokuwa saluni, na humo tunatengeneza katuni zetu wenyewe. Hatuna bosi, kwa hiyo tukigombana hakuna wa kutuamulia. Vioo vya saluni tumeviacha ukutani, maana ukitaka kujua mtu anakunja vipi uso akishtuka, inabidi ushtuke wewe kwanza mbele ya kioo. Wapita njia wameshatuzoea.

Usidhani katuni zote hutoka kwenye kompyuta. Mwanaima anakata watu wa karatasi, kichwa mbali, mikono mbali, anawasogeza kwa kibano juu ya meza. Gulio lote la filamu yetu mpya ni lake, mpaka mama muuza dagaa. Edson anamwaga mchanga mwembamba wa mtoni juu ya kioo chenye taa chini yake, anachora kwa kidole, anapiga picha, anafuta kidogo, anachora tena. Hivyo ndivyo tunavyoonyesha chini ya ardhi, na lile giza likianza kusogea utasahau kabisa kwamba ni mchanga. Mimi natengeneza wanasesere kwa waya na sponji, nawavika nguo, kisha nawasogeza upana wa unywele, picha moja, tena upana wa unywele, picha nyingine. Sekunde moja ya kutembea inataka picha kumi na mbili. Najisifu? Ndiyo, najisifu. Kwa kazi hii, ukanda wote huu sijaona wa kunishinda.

Sasa, filamu yenyewe inamhusu Baba.

Unaijua kazi ya kaka yako. Alikuwa fundi wa matimba, zile nguzo zinazozuia duara, shimo la dhahabu, lisiwaangukie wachimbaji. Tunaonyesha siku moja tu ya maisha yake: anavyoamka, anavyogonga kila gogo kwa kiganja na kusikiliza kabla hajaruhusu mtu ashuke, anavyowakatalia wenye duara wenye haraka zao, na anavyorudi nyumbani jioni. Hakuna anayekufa humo. Watoto wa Katoro wameshaona katuni za kutosha za nchi zenye theluji, nataka waone na mtu wa kwao.

Tatizo likawa sura. Baba hakupenda kupigwa picha, na chache tulizonazo kavaa helmeti mpaka kwenye nyusi. Mara ya kwanza niliichukua sura yake kwenye kitambulisho. Shangazi, picha za vitambulisho unazijua! Nikapata mtu anayesubiri kusomewa mashtaka. Nikamvunja, nikaanza upya kwa kumbukumbu zangu na kwa picha yako ya harusi, maana kila mtu anasema mlifanana kama pacha. Pua ni yako. Safari hii alikuwa yeye kabisa. Niliogopa kidogo, na nilifurahi sana.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Jirani mmoja alichungulia dirishani, na kabla ya jua kuzama mtaa mzima ulijua kwamba Paskalia anamtembeza marehemu. Habari zikafika Ushirombo kwa Baba mkubwa Bujiku, naye akaja na basi la asubuhi. Hakufoka. Alimtazama yule mwanasesere, akavua kofia, akasema sanamu ya mtu aliyezikwa si kitu cha kuchezea, na kwamba huku kwetu kuna watu wameitwa wachawi na kuumizwa kwa maneno madogo kuliko hayo. Sikubisha, maana hilo ni kweli. Tukakaa kikao cha familia, ikaamuliwa kwamba mwenye neno la mwisho juu ya sura ya Valerian ni dada yake. Mpaka utakaposema, mwanasesere yuko sandukuni kwa Mama, kafungwa kwenye kanga.

Hofu ya majirani nimeanza kuitibu. Kila Jumamosi tunafungua milango, watu wanaingia, wanawashika wanasesere wengine, wanaona waya na sponji kwa macho yao. Yule jirani mchunguliaji sasa ndiye anayewashonea wachimbaji wangu suruali, na anashona vizuri.

Edson anashauri tumwonyeshe Baba kwa nyuma tu. Kisogo naweza kukitengeneza. Lakini mtu aliyekuwa akiwatazama watu machoni na kuwaambia "leo hushuki", ukimwonyesha kisogo umemfukuza kwenye habari yake mwenyewe. Ukikataa nitatii. Nitalia, kisha nitamalizia na kisogo. Sitapitia mlango wa nyuma, hilo nakuahidi.

Kuna jambo moja zaidi inakupasa ulijue kabla hujaamua. Mama alikuwa upande wa Baba mkubwa. Jumapili iliyopita, baada ya misa, alikuja saluni mwenyewe akataka kuona tulichokwisha kupiga. Ni kipande kifupi. Baba anarudi kutoka machimboni, buti zimejaa tope, anafika mlangoni, anashika kitasa. Kinaishia hapo, kwa sababu hapo ndipo tulipozuiwa. Mama alikitazama, akataka tena, akataka tena. Nilikuwa nangoja alie. Akasema, kwa ile sauti yake ya miaka yote: "Mwambie avue buti kwanza, asinichafulie nyumba."

Halafu ndipo alipolia. Nami nikalia, na Edson akajifanya anatafuta kibano.

Nimeshamshonea buti zinazovulika. Kumwinamisha, kufungua kamba na kuzivua zote mbili ni kazi ya siku nyingi, na nitaifanya kwa furaha, nikimshika mguu mmoja baada ya mwingine. Nampenda na nimemkumbuka, Shangazi, sina njia nyingine ya kulisema.

Nisalimie Mjomba Boaz, Dorah na Eliya. Mama anakusalimu sana. Baba mkubwa naye anakusalimu, anasema uandike kwa herufi kubwa maana miwani yake imevunjika na jibu anataka kulisoma mwenyewe. Mungu akukinge na baridi hiyo, akuimarishie goti, na akupe neno ambalo moyo wako hautalijutia, hata kama silo ninaloliomba.

Baba amesimama mlangoni. Ukisema aingie, ataingia.

Wako akupendaye,
binti wa kaka yako,
Paskalia